Kijana Alikuwa na Mkubwa Wake: Elika, Shikome na Malezi ya Vijana wa Bariadi

Katika maeneo ya utemi wa Ntuzu, Kanadi, Itilima na Dutwa, ambayo leo yamo ndani ya Mkoa wa Simiyu wenye makao yake Bariadi, kijana wa Kisukuma aliyefikia umri wa kulima mstari mmoja na watu wazima aliingia katika elika. Sikio la Mswahili litalisikia neno rika humo ndani, na kwa kweli elika ilikuwa rika lililopewa kazi. Vijana wa kijiji kimoja walikusanyika chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, aliyeitwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana. Mwenye shamba aliyeelemewa na magugu hakumwendea kijana mmoja mmoja. Alikwenda kwa nsumba ntale, wakapatana siku na malipo: chakula, pombe, au mnyama wa kuchinja msimu ukiisha. Nsumba ntale ndiye aliyepanga zamu, aliyemtoza faini mchelewaji, na aliyesimama mbele ya banamhala, wazee wa kijiji, vijana wake waliposhtakiwa. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953 na kingine mwaka 1954 kuhusu utawala wao wa asili, aliwatazama basumba batale hao kwa jicho la kisiasa. Alitafuta ndani ya jamii nguvu ya watu wa kawaida inayoweza kusawazisha mamlaka ya watemi. Mimi nawatazama kwa sababu nyingine.

Hoja yangu ni moja. Kazi ambayo leo inapewa majina marefu, ya ulezi wa vijana walio hatarini na msaada wa afya ya akili, haikuwa kazi ya pekee katika Usukuma. Ilibebwa mgongoni na kazi nyingine: kulima, kuchunga, kucheza ngoma, kuota moto jioni. Kila kijana alikuwa na mtu anayejulikana kwa jina ambaye kijiji kingemwuliza habari zake. Mpangilio wa kazi ulipobadilika, ulezi ule ulipotea pamoja nao, na kilichopotea kilikuwa muundo. Wanaolalamika kwamba maadili yameporomoka wanayatafuta majibu mahali pasipo na tatizo, na wanaoleta semina za siku mbili kwenye ukumbi wa kata wanaleta maneno bila gari la kuyabeba.

Tuanze na elika yenyewe, maana wema wake umefichika ndani ya mambo ya kawaida kabisa. Mstari wa walimaji hauna pa kujificha. Asiyefika alfajiri anaonekana kwa pengo lake. Anayefika lakini haimbi, anayebaki nyuma wiki ya pili mfululizo, anayegombana kwa jambo dogo, wenzake wanamjua kabla mama yake hajajua. Wataalamu wa leo wanaotafuta dalili za sonona kwa vijana huuliza maswali ya namna hiyohiyo: je, amejitenga, ameacha alichokipenda, hasira zake zimezidi? Elika haikuuliza, iliona. Aliyeona alikuwa mwenzake aliyemzidi miaka michache tu, si mzee wa kuogopwa wala mgeni wa kuonewa haya. Tena ilikuwa na jambo la kufanya baada ya kuona. Shamba la mgonjwa au mfiwa lililimwa na wenzake. Mkorofi alitozwa, na aliyekataa faini alitengwa. Kutengwa kulikuwa adhabu nzito kwa sababu kijana aliyetengwa hakuwa na mtu wa kumsaidia kulima, kujenga wala kuposa. Lakini utengano ule ulikuwa na mlango wa kurudia: lipa mbuzi, kaa na wenzako, yameisha. Adhabu yenye mlango wa kurudia ni kitu ambacho mfumo wetu wa shule, unaomfukuza mwanafunzi na kumwacha barabarani, haujajifunza bado.

Jioni ilikuwa na chuo chake. Uani kwa mwenye mji kuliwashwa moto, mara nyingi kwa mavi makavu ya ng'ombe, na moto huo na kikao chake viliitwa shikome. Wanaume na wavulana walikula hapo na kupashana habari za siku. Hadithi, vitendawili, nasaba, kesi za ng'ombe, aibu ya fulani na ushujaa wa fulani, vyote vilipita mbele ya mtoto aliyekaa kimya. Uzuri wa shikome kama mahali pa ushauri ni kwamba hakuna aliyeitwa kushauriwa. Mzee aliweza kusimulia habari za kijana wa zamani aliyetaka kuikimbia nyumba ya baba yake, na kijana aliyekusudiwa akasikia bila kuoneshwa kidole. Mvulana aliyekosana na baba alikuwa na babu, baba mdogo na jirani kwenye duara lilelile. Corlien Varkevisser, aliyechunguza makuzi ya watoto wa Kisukuma vijijini na mjini Mwanza na kuchapisha kitabu chake mwaka 1973, alikuta kwamba mtoto wa Kisukuma hakulelewa na wazazi wawili tu, bali na mtandao mpana wa ndugu wenye wajibu tofauti. Babu na bibi walikuwa na ruhusa ya utani na maneno ya wazi ambayo baba na mama hawakuwa nayo. Msichana alimwambia bibi yake jambo ambalo angekufa nalo kabla ya kumwambia baba.

Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni, kulikuwa na ngoma. Usukuma wote umegawanyika kati ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyojihesabu kutoka kwa waasisi wawili washindani wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Uzito wake kwa kijana aliyekataliwa na nyumba yake ulikuwa mkubwa. Katika chama cha ngoma mtu alipata jina jipya, mkuu mpya, ndugu wapya na hadhira ya maelfu. Asiye na ng'ombe wala baba mwenye cheo aliweza kuwa ningi, mtunzi na mwimbaji, na vijiji vikamgombea. Waliosumbuliwa na ndoto, sauti na huzuni isiyo na chanzo walipelekwa kwa bafumu, yaani waganga wa jadi, na baadhi yao waliingizwa katika vyama vya waganga na vya mizimu. Sitetei dawa za huko. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyeumwa akili alipewa kikundi cha watu waliopitia yaleyale, na ugonjwa wake ukawa mlango wa kuingilia katika jamii badala ya kumtoa.

Basi haya yalikwendaje? Hayakufa siku moja, wala hakuna adui mmoja wa kumnyooshea kidole. Pamba ndiyo iliyotangulia. Miaka ya 1950 zao hilo lilienea mashariki ya Usukuma, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, shirika lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Fedha za pamba zilinunua plau, na plau inahitaji ng'ombe na watu wawili au watatu, haihitaji mstari wa vijana thelathini. Mwenye plau hakumhitaji tena nsumba ntale. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ilifuta utemi, na ngazi zote za kijadi zilizosimama kati ya kijana na mamlaka zikabaki bila kichwa. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, kaya za Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo wakati huo zilikuwa Mkoa wa Shinyanga, zilihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika na kupangwa kwa mistari. Shikome ilihitaji uwanja wa mji wa mtu, majirani wa muda mrefu na zizi la ng'ombe karibu, na nyumba zilizopangwa kando ya barabara hazikuwa na hayo. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikamchukua mtoto asubuhi na kumrudisha jioni, jambo jema ambalo sitaki lifutwe hata kidogo, ila shule ilichukua saa za mtoto bila kuchukua wajibu wote uliokuwa ndani ya saa zile. Mwalimu mmoja mbele ya watoto themanini hawezi kuwa babu wa kila mmoja.

Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu yake, na nyingine zilileta heri. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kazi ya elika ilikuwa kulima tu, ikaondolewa kama chombo cha kulimia. Hakuna aliyeuliza: nani sasa atagundua kwamba kijana fulani hajaonekana siku tatu?

Mwanahistoria makini atanipinga hapa kwa kunitajia sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi magharibi ya nchi. Mwaka 1982 vijiji vya upande wa Kahama vilianza kujilinda kwa pinde na mishale, na utaratibu huo ukaenea Usukuma wote kwa kasi. Muundo wake ulikuwa wa zamani: viongozi waliochaguliwa, mwano wa kuita watu, faini, kutengwa. Serikali iliukubali, na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria iliyoupa nafasi ndani ya mgambo. Lakini sungusungu iliwapiga watu, iliwatoza kupita kiasi, na iliwatuhumu wanawake bila ushahidi. Je, si ushahidi kwamba elika, ikirudi, inarudi na rungu? Naikubali nusu ya pingamizi hilo. Sungusungu ilirudisha mkono wa adhabu wa elika bila mikono yake mingine. Ilirudi kama askari kwa sababu iliitwa na wizi. Haikulima wala haikumlisha mgonjwa. Inatufundisha jambo zito kuhusu nguvu ya muundo huu: watu wasiokuwa na bajeti wala ofisi waliweza kuusimamisha upya kwa miaka michache tu, na ukafanya kile hasa ulichoitwa kufanya. Ungeitwa kwa jambo lingine ungefanya jambo lingine.

Kuna giza zaidi ya hilo, na asiyelitaja anadanganya. Usukuma, na Simiyu ikiwamo, umejulikana kwa mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na Simeon Mesaki ameyaandikia kwa kina tangu miaka ya 1990. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na wekundu wa macho ulihesabiwa kuwa dalili ya uchawi, wakati ni moshi wa mavi ya ng'ombe waliyopikia miaka yote. Moto uleule uliokusanya watu kwenye shikome ukageuka kuwa hati ya mashtaka dhidi ya bibi. Wauaji mara nyingi walikuwa vijana wa kiume waliokodiwa. Katika jamii ambayo bibi alikuwa msiri wa mjukuu wake, huu ni mpasuko wa kutisha, na siwezi kuutenga na habari ninayoisimulia. Imani ya uchawi ilikuwapo tangu zamani, kwa hiyo imani peke yake haitoshi kueleza kwa nini mauaji yaliongezeka sana baada ya uhuru. Kijana asiye na elika, asiye na mkubwa wa kumwita jina, asiye na ng'ombe wa kuolea, ndiye anayenunulika. Na bibi aliyehamishwa mbali na majirani waliomjua tangu ujana wake ndiye asiye na mtetezi.

Pingamizi la wasichana ni zito vilevile. Elika niliyoisimulia ni ya wavulana. Wasichana walilelewa na mama na bagikulu, wanawake wazee, na lengo la malezi hayo lilikuwa ndoa, ambayo mahari yake ilihesabiwa kwa ng'ombe. Kwa hiyo msichana alikuwa na walezi wengi na chaguo dogo. Anayetaka kurudisha zamani ilivyokuwa anataka kumrudisha huko. Lakini mimi sisemi irudi ilivyokuwa. Nasema kanuni yake, ya kwamba kila kijana awe na mtu wa kuulizwa habari zake, haina jinsia. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shule. Msichana anayerudi darasani Itilima au Meatu akiwa na mtoto nyumbani anahitaji ruhusa hiyo, na anahitaji pia mtu mmoja anayeijua njia aliyoipita. Waraka umempa ya kwanza.

Daktari naye atasema kwamba magonjwa ya akili ni magonjwa, na moto wa jioni hautibu. Ni kweli, na historia ya tiba nchini inaonesha tulichokosa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni ya mwaka 1927. Tangu mwanzo, basi, tiba ya akili kwetu ilikuwa na maana ya kupelekwa mbali: mgonjwa kutoka Bariadi aliondolewa kwao na kuwekwa kati ya wageni. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imebadilisha lugha na kutaka huduma zisogee karibu, ila jina la Mirembe mitaani bado ni tusi. Na Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo familia inayomwokoa kijana wake ina sababu ya kuficha kilichotokea badala ya kumkimbiza kwa mtu wa kumsaidia. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Nasi tunapaswa kukiondoa.

Ila kati ya kijana mwenye huzuni na daktari wa Mirembe kuna safari ndefu ambayo wengi hawahitaji kuimaliza, na hapo ndipo ushahidi wa nje ya Usukuma unapotusaidia. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu juu ya kile ambacho Washona hukiita kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema ana mawazo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache mno za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walifundishwa, walisimamiwa, na walijua ni nani wa kumpeleka hospitali. Kwa hiyo busara ya mzee na utaalamu wa tiba havigombanii mgonjwa mmoja. Mmoja anampokea, mwingine anapokea wachache waliozidiwa.

Na kama mtu atasema kwamba mila iliyovunjika haiungiki, Simiyu yenyewe ina jibu chini ya miguu yake. Ngitili, malisho yanayotengwa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, yalikuwa yamekaribia kwisha baada ya miaka ya kufyeka miti na kuhamishwa vijijini. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, na baada ya kuhangaika na miche ya kigeni wataalamu wakageukia maarifa ya wenyeji. Ngitili zikatambuliwa, dagashida, mkutano wa kimila wa kijiji, ukatumika kutunga na kulinda sheria ndogo, na katika miaka chini ya ishirini zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa miti na majani, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwamo. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Dagashida iliyoweza kumzuia mtu mwenye ng'ombe mia tano asiingie kwenye nyasi za wenzake ina uwezo wa kuamua nani awe mkubwa wa vijana wa kitongoji.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao yake Bariadi, ukiwa na watu wapatao milioni 1.58. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 2.14. Ongezeko kama hilo maana yake ni vijana. Serikali inawafikia kwa mikopo ya asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi, na vijana wa Maswa walionesha kwa kiwanda chao cha chaki kwamba kikundi kinaweza kufanya kazi ya kweli. Lakini kikundi kilichoundwa ili kipate mkopo kinamjua mwanachama wake kama mdaiwa. Asipofika, kinauliza kuhusu rejesho.

Anayefanana zaidi na nsumba ntale leo hayumo kwenye mpango wowote. Ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Kijiwe kina zamu, kina faini, kina mchango wa mwenzao aliyepata ajali au aliyefiwa, na kiongozi wake amechaguliwa na vijana wenyewe kwa sababu wanamwamini. Asubuhi anajua pikipiki ya nani haipo, na kwa kawaida anajua ni kwa nini. Polisi wanamtafuta kukiwa na wizi, wanasiasa wanamtafuta kukiwa na uchaguzi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye peke yake hawezi kuzunguka kata zote, anaweza kumfundisha kwa siku chache kusikiliza, kutambua hatari na kujua pa kumpeleka kijana usiku wa manane, kisha akamrudia kila mwezi kama wale bibi wa Harare wanavyorudiwa. Vivyo hivyo kwa msimamizi wa mizani kwenye chama cha msingi cha pamba, ambako msimu unapofunguliwa mwezi Mei vijana wa kitongoji kizima hupita, na kwa mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anayewajua wasichana wote wa mtaa. Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya ukumbini. Kinachotakiwa kwanza ni mkutano wa kijiji kukaa, kuwataja vijana wote mmoja mmoja kwa majina, na kuandika kando ya kila jina ni nani ataulizwa.